NDEGE WAGENI WA VISIWA VYA KASKAZINI
Jinsi bata maji na mabata wengine wajavyo na waondokavyo kwa majira, na sababu zake

Kila mwaka, mwezi wa Septemba ukaribiapo kwisha na baridi ianzapo kuingia, wakulima wa visiwa vya Shetland husikia sauti kutoka juu kabla hawajaona kitu. Ni sauti kama ya baragumu ipulizwayo mbali, nayo hujibiwa na nyingine, kisha nyingine tena. Watazamapo juu huona mstari wa ndege wakubwa weupe, wenye shingo zilizonyoshwa, wakishuka polepole kuelekea ziwani. Hapo watu huambiana kwamba bata maji wamefika, na kila mtu hujua kwamba siku za joto zimekwisha.

Huko jambo hili ni la desturi, na watoto hulitazamia kama watoto wa Kenya watazamiavyo kumbikumbi baada ya mvua. Lakini mtu akilifikiri sana ataona lina maswali mengi ndani yake. Ndege hawa hutoka wapi? Kwa nini huja wakati ule ule kila mwaka? Mbona wengine hukaa na wengine hupita tu? Somo hili lajibu maswali hayo moja moja, na mwishoni msomaji ataona kwamba habari hizi za mbali zinamhusu yeye pia.

VISIWA VYENYEWE

Shetland ni fungu la visiwa kama 100 lililo katika bahari kaskazini mwa Uskoti, umbali wa maili 100 hivi kutoka nchi kavu. Katika visiwa hivyo ni kama 16 tu vinavyokaliwa na watu, na watu wote kwa jumla hawafiki 25,000. Mji wao mkubwa ni Lerwick. Wengi wao tangu zamani ni wavuvi na wafugaji wa kondoo. Miti ni michache sana, kwa kuwa upepo wa bahari hauiachi ikue. Zamani visiwa hivi vilitawaliwa na wafalme wa Norwei na Denmark, mpaka mwaka 1469 vilipowekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti. Na rehani hiyo haikukombolewa kamwe. Ndiyo sababu majina mengi ya mahali ni ya Kinorwei hata leo.

Mtu aliyezoea nchi iliyo chini ya mstari wa ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, atastaajabu kusikia habari za jua la Shetland. Katikati ya mwezi wa Juni jua hukaa juu karibu saa 19, na hata likishatua giza haliingii sawasawa. Katikati ya Desemba jua huonekana kwa muda usiofika saa 6. Lakini pamoja na giza hilo, baridi ya Shetland si kali kama ya nchi nyingine zilizo kaskazini vile vile, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu hupita baharini kutoka kusini-magharibi. Basi maziwa yake madogo hayagandi kwa muda mrefu. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana ndilo linalowavuta ndege.

Katika maziwa hayo moja lenye sifa ni Spiggie, upande wa kusini wa kisiwa kikubwa. Urefu wake ni kama maili moja na robo. Maji yake ni matamu, hayana kina kirefu, na mchanga umelitenga na bahari. Chini yake huota majani mengi ya majini, na pembeni kuna mashamba na malisho. Kwa bata maji atokaye safarini na njaa, mahali hapa ni kama nyumba ya wageni iliyo kando ya njia kuu.

BATA MAJI NI NDEGE GANI?

Bata maji ni jamaa ya bata bukini, lakini amemzidi kwa ukubwa na kwa urefu wa shingo. Aina ifikayo Shetland ina mdomo wa rangi ya manjano wenye ncha nyeusi. Uzito wake ni ratli 20 hivi, na dume mkubwa huzidi 25. Akiyakunjua mabawa yake, upana kutoka ncha hata ncha ni futi 7 au 8, yaani mtu mrefu aliyelala chini hawezi kuufikia. Chakula chake ni majani na mizizi ya majini, ambayo huichimbua kwa kuzamisha kichwa na shingo huku mkia umeelekea juu. Siku hizi hula pia majani ya malisho, na mabaki ya nafaka na viazi yaliyoachwa mashambani baada ya mavuno.

Dume na jike wakishaoana kwa kawaida hukaa pamoja mpaka mmoja afe. Hutaga Iceland, kisiwa kikubwa kilicho zaidi ya maili 500 kaskazini-magharibi ya Shetland. Jike hutaga mayai 4 hadi 6 kwa kawaida, na huyalalia siku 35 hivi. Vifaranga hutoka wakiwa na manyoya ya kijivu, nao huhitaji karibu miezi mitatu kabla ya kuweza kuruka.

Hapo ndipo ilipo siri ya majira yao, na yafaa ihesabiwe kwa makini. Na ichukuliwe kwamba jike amemaliza kutaga tarehe 20 Mei, mara tu barafu ilipoyeyuka. Akilalia siku 35, vifaranga watatoka tarehe 24 Juni. Wakihitaji siku 90 kukua, wataruka tarehe 22 Septemba. Na mwezi wa Oktoba maziwa mengi ya Iceland huanza kuganda tena. Basi ndege huyu hana siku za kuchezea. Barafu ikichelewa kuyeyuka wiki tatu, au mayai ya kwanza yakiharibika, makinda hayatakuwa tayari wakati maji yanapofungwa, na asiyeweza kuruka atakufa kwa njaa. Bata maji haji Shetland kwa kutembea tu. Huja kwa sababu nyuma yake mlango umefungwa.

Hata hivyo si wote wanaoondoka. Baadhi yao hubaki Iceland mahali ambapo maji ya moto hutoka ardhini na kuzuia barafu. Jambo hilo lathibitisha kwamba kinachomfukuza ndege si baridi yenyewe bali kukosa chakula.

SAFARI YA BAHARINI

Kutoka Iceland mpaka Uskoti hakuna nchi kavu njiani ila visiwa vya Faroe na Shetland kwa wale wapitao upande huo. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwafunga bata maji wachache vyombo vidogo vinavyopeleka habari kwa setilaiti, ili wajue wanavyosafiri. Walijifunza mambo mawili makubwa. La kwanza, ndege hawa mara nyingi huruka chini, karibu na mawimbi. La pili, upepo ukiwageukia hushuka wakakaa juu ya bahari, wakangoja. Kwa hiyo mmoja aweza kuvuka kwa muda usiozidi siku moja, na mwenzake akachukua siku kadhaa.

Ni kweli kwamba mwezi wa Desemba 1967 rubani mmoja aliarifu kuwa ameona bata maji kama 30 wakiruka juu ya visiwa vya magharibi mwa Uskoti, kwa kimo cha futi 27,000 hivi. Habari hiyo imerudiwa katika vitabu vingi. Lakini vyombo vya baadaye vimeonyesha kwamba hiyo si desturi yao, na baadhi ya wataalamu huitilia shaka.

Jambo la kutia moyo sana katika safari hii ni kwamba makinda hawaiendi peke yao. Baba, mama na watoto huruka pamoja, hutua pamoja, na hukaa pamoja majira yote ya baridi. Watoto huijua njia kwa kuifuata pamoja na wazazi wao: ziwa hili lina chakula, ghuba ile ina kinga ya upepo. Mwaka ufuatao kinda aliyepona atakuwa na maarifa ya kutosha kusafiri mwenyewe. Wazazi wakiuawa njiani, hasara si ya ndege wawili tu, bali maarifa ya njia nayo hukatika.

Wafikapo Spiggie mwezi wa Oktoba, pengine huonekana mia na zaidi kwa mara moja. Wengi hupumzika siku chache au wiki kadhaa, kisha huendelea kusini mpaka Uskoti bara na Ireland. Wachache hukaa Shetland mpaka baridi iishe. Mwezi wa Machi na Aprili hupita tena wakirudi kaskazini. Na tangu miaka ya 1990 jozi chache zimeanza kutaga hapo hapo Shetland, jambo ambalo wazee wa zamani wa visiwa hivyo hawakulizoea.

MABATA WADOGO NA DESTURI ZAO

Mabata wa Shetland hawafuati wote kalenda moja. Yafaa wagawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wenyeji. Huyu ni yule bata mnene wa baharini ambaye Washetland humwita dunter. Jike hutandika kiota chake kwa manyoya laini anayoyachomoa kifuani mwake, na manyoya hayo yana joto kuliko pamba. Ndege hawa hukaa pwani ya Shetland mwaka mzima, wakila kome na kaa.

Fungu la pili ni wageni wa baharini. Mkuu wao ni bata mwenye mkia mrefu, ambaye Washetland humwita calloo kwa kuigiza sauti yake. Huyu huja mwezi wa Oktoba kutoka nchi za baridi kali, na huondoka Aprili. Hukaa katika ghuba na milango ya bahari, akipiga mbizi kutafuta kome na wadudu wa baharini. Amejulikana kufika kina cha futi 200 hivi, ambacho mabata wachache sana hukifikia.

Fungu la tatu ni wageni wa maji matamu. Hawa hutoka Iceland na nchi za kaskazini mwa Ulaya, nao huenea katika maziwa madogo. Mmoja wao hulia kama mtu anayepiga mluzi. Yeye shingo yake ni fupi, hafikii majani yaliyo chini. Basi humfuata bata maji na kuokota yale anayoyaleta juu. Ikitokea siku chache za baridi kali na maziwa yakaganda, mabata hawa hukimbilia ghuba za bahari, na bata maji huendelea na safari ya kusini.

WATU WALIVYOPATA KUJUA

Mtu asidhani kwamba watu wa Ulaya waliyajua haya tangu mwanzo. Katika karne ya 12 kulikuwa na watu wenye elimu walioandika kwamba aina moja ya bata bukini haitagi mayai, bali huota juu ya magogo yaeleayo baharini, ndani ya viumbe wenye magamba. Sababu ya kosa hilo ni nyepesi kuelewa. Ndege wale walikuja kila majira ya baridi, wakaondoka, na hakuna aliyepata kuona kiota chao, kwa kuwa viota vilikuwa mbali kaskazini. Mtu akikosa habari hujaza nafasi kwa hadithi.

Maarifa ya hakika yalianza kwa jambo dogo. Mwaka 1899 mwalimu wa shule huko Viborg, Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, aliwafunga ndege miguuni pete nyepesi zenye namba na anwani. Mtu yeyote aliyemwokota ndege mwenye pete aliweza kupeleka habari. Baadaye Mortensen alifunga pete mabata pia. Kwa pete hizo njia za ndege zilianza kuonekana kwenye ramani, barua kwa barua.

Katika Shetland yenyewe kazi hii ilikuzwa na George Waterston. Alikuwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatekwa na kufungwa Ujerumani. Akiwa kifungoni alipanga na wenzake jinsi ya kuanzisha mahali pa kuchunguzia ndege huko Fair Isle, kisiwa kidogo kilicho peke yake kusini mwa Shetland. Mwaka 1948 kazi ilianza. Nyumba ya kazi hiyo iliungua mwaka 2019, lakini daftari za miaka mingi ni mali isiyopimika kwa fedha.

Na kuna namna ya kuhesabu isiyohitaji chombo chochote. Kinda wa bata maji ni wa kijivu mwaka wake wa kwanza, na mkubwa ni mweupe. Basi mtu asimamaye ukingoni mwa Spiggie mwezi wa Oktoba akihesabu weupe na wa kijivu, aweza kujua kama mwaka ule Iceland ulikuwa mwema au mbaya, bila kutoka Shetland. Kundi la ndege 100 lenye makinda 20 ni habari njema. Lenye makinda 5 ni habari ya msiba.

HATARI ZILIZOPO

Hesabu hizo zimeleta habari za furaha na za huzuni. Bata maji wa Iceland walikadiriwa karibu 17,000 mwaka 1986. Mwaka 2020 walizidi 40,000. Wamelindwa na sheria, ikiwemo ile ya Uingereza ya mwaka 1981, tena wamepata chakula mashambani.

Lakini yule bata mwenye mkia mrefu hakupata bahati hiyo. Katika Bahari ya Baltiki, ambako wengi wao hukaa wakati wa baridi, walikadiriwa zaidi ya milioni 4 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hesabu ya mwaka 2007 hadi 2009 ilionyesha kama milioni 1 na nusu tu.

Adui mmoja wa ndege huyu ni mafuta baharini. Manyoya ya bata hushikamana kama makuti yaliyoezekwa vizuri, hata maji hayapenyi. Mafuta yakiyagusa, makuti hayo huvurugika. Maji ya baridi huingia mpaka kwenye ngozi, na ndege hufa kwa baridi. Akijaribu kujisafisha kwa mdomo humeza sumu. Mwezi wa Desemba 1978 meli moja ilijigonga gatini katika bandari ya mafuta ya Sullom Voe, Shetland, ikamwaga tani zaidi ya 1,000. Mizoga ya ndege zaidi ya 3,000 iliokotwa, na mabata walikuwa wengi miongoni mwao, maana ilikuwa majira yao ya kuwapo.

Tarehe 5 Januari 1993 meli Braer iliharibikiwa mitambo katika dhoruba, ikapanda mwamba huko Garths Ness, maili chache tu kutoka Spiggie. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa kama tani 85,000. Dhoruba ile ile iliyoivunja meli iliyapiga mafuta kwa siku nyingi mpaka yakatawanyika, na hasara ikawa ndogo kuliko ilivyoogopwa. Hata hivyo ndege zaidi ya 1,000 walikutwa wamekufa. Mambo haya mawili yafundisha kwamba madhara hayapimwi kwa wingi wa mafuta peke yake. Hupimwa pia kwa mahali, kwa hali ya hewa, na kwa majira.

HABARI HII NA AFRIKA MASHARIKI

Bata maji hafiki Afrika Mashariki. Lakini wako mabata wa kaskazini ambao hufika. Kuanzia Oktoba na Novemba, maziwa ya Kenya kama Naivasha na Ol Bolossat hupokea bata mwenye mkia uliochongoka, bata mwenye mdomo mpana kama mwiko, na bata mdogo ambaye dume wake ana mstari mweupe juu ya jicho. Hutoka Ulaya ya mashariki na Urusi, na huondoka mwezi wa Machi na Aprili. Wale wawili wa kwanza ni wa aina zile zile zionekanazo Shetland pia zikiwa njiani, ijapokuwa makundi ni mbalimbali. Sababu ya safari yao ni ile ile: nyuma yao maji yamefungwa kwa barafu.

Kwa hiyo ndege wa namna hii hana nchi moja. Ana kiota katika nchi ya kwanza, mahali pa kupumzikia katika ya pili, na chakula katika ya tatu. Nchi mbili zikimlinda na ya tatu ikalikausha ziwa lake, kazi ya zile mbili imepotea. Mataifa yalipolitambua jambo hili yalifanya mapatano mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, ya kuhifadhi maziwa na nchi za majimaji. Na Kenya ililiandikisha ziwa Nakuru mwaka 1990 na Naivasha mwaka 1995. Mapatano mengine, ya ndege wa majini wasafirio kati ya Afrika na Ulaya na Asia, yalifanywa The Hague mwaka 1995, na Kenya iliyaingia mwaka 2001.

Lakini mapatano hukaa katika makaratasi, na ndege hukaa katika maji. Mlinzi wa kweli ni mtu akaaye ukingoni. Kila mtu aishiye karibu na ziwa, bwawa au kinamasi aweza kuandika katika daftari tarehe ya kwanza aonapo mabata wageni, idadi yao, na tarehe ya mwisho. Mwaka mmoja hautoi habari nyingi. Miaka kumi itaonyesha kama wanazidi au wanapungua, na kama maji yale yangali mema. Na maji yasiyowafaa mabata hayatachelewa kuwadhuru ng'ombe na watu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bata maji wachache huweza kubaki Iceland wakati wa baridi?
2. Jike akimaliza kutaga tarehe 10 Juni, makinda wake wataweza kuruka tarehe gani? Ni hatari gani itakayowapata?
3. Mtu wa Shetland ajuaje habari za mwaka wa Iceland bila kufika huko?
4. Kwa nini mafuta yaliyomwagika Shetland mwezi wa Desemba huua mabata wengi kuliko ambavyo yangewaua mwezi wa Juni?
5. Taja maji yaliyo karibu nawe ambayo mabata hutua. Ni nani ayatunzaye?